Mwaka Tulipoiweka Sawa Bunduki

Nkwabi alizikwa Geita siku ya Jumamosi. Mimi nilifika Ijumaa mchana kutoka Kahama, nikapewa nafasi kwenye mkeka wa wanawake, upande wa ukutani, kama mgeni mwingine yeyote aliyekuja kuhani. Aliyenipigia simu alikuwa binti yake mkubwa, Neema, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alisema namba yangu amepewa na Mama Regina, na kwamba Mama Regina kamwambia mimi na baba yake tuliwahi kufanya kazi pamoja zamani. Hakuniuliza kazi gani. Pale mkekani niliwasikiliza wanawake wa mtaa wakimzungumzia marehemu wao. Mmoja, ambaye mumewe alichimba kwenye duara la Nkwabi, alisema mzee hakuwa na masihara na shimo lake: akisikia ukuta unadondosha changarawe, hashuki mtu, hata kama mwamba wenye dhahabu umeshaonekana. Mwingine alisema aliimba besi kanisani mpaka madirisha yanatetemeka. Wa tatu alisema hakupenda kelele za ghafla. Mwaka mpya vijana wakilipua fataki, yeye aliingia ndani akafunga dirisha. Walicheka kidogo waliposema hilo, kile kicheko cha upole ambacho watu humchekea marehemu waliyempenda. Huyo mzee wa kanisa, mwenye duara na karasha la kusagia mawe, nilikuwa simjui. Niliyemjua mimi alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kaki lililopauka, na nilimjua mwaka mmoja tu. Sikujua miguu niinyooshe wapi wala uso niufanyeje, kwa sababu nilikuwa na msiba wangu ndani ya msiba wao.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni kusomea wanyamapori, nikapangiwa kituo kilichokuwa mwisho wa barabara, magharibi ya Kahama, pale mashamba ya tumbaku na mtama yanapokoma na msitu wa miyombo unapoanza. Kituo kilikuwa nyumba moja ya bati na banda la jiko. Mkuu wake alikuwa Afande Tungaraza, Mzinza mnene mwenye sauti ndogo, na mkewe ndiye huyo Mama Regina aliyetupikia wote. Nkwabi alilala chumba cha mbele. Mimi nilipewa chumba cha katikati, kilichokuwa stoo kabla sijaja, na magunia ya karanga hayakuondolewa. Yalisogezwa tu ili kitanda kiingie. Hadi leo nikifungua gunia la karanga sokoni Nyahanga, harufu yake inanifikia ikiwa imechanganyika na mafuta ya bunduki, ingawa mafuta hayapo. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, kwa hiyo maneno yalipita juu kwa juu kutoka chumba hadi chumba. Tulijuana kwa kukohoa. Mchana tulikula ugali wa muhogo na dagaa, au mlenda na maziwa mgando, na asubuhi chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, ambavyo Nkwabi alivipenda hata akawa anatia viwili mfukoni kabla ya doria. Alikuwa Msukuma kama mimi, wa upande wa Shinyanga, na tulipokuwa wawili tulizungumza Kisukuma. Afande akitokea tulirudi kwenye Kiswahili, na mimi nilihisi kama mtu aliyefunga mlango.

Nilikuta kituo kikiwa na jeraha. Miezi michache kabla yangu, mbogo dume mzee aliyezoea kula mtama wa watu alipigwa risasi na askari aliyeitwa Jilala. Risasi haikwenda ilikolengwa, ikampata mbogo tumboni, naye akageuka. Jilala aliokolewa na miti iliyokuwa karibu, lakini paja lilichanwa hadi mfupani, na hakurudi tena kazini. Nkwabi alikuwa nyuma yake siku hiyo. Bunduki, ya pekee tuliyokuwa nayo kituoni, ilirushwa ikagonga mawe. Mbogo alitoroka, akapona huku akichechemea, na baada ya wiki chache alionekana tena kwenye mtama, mwenye hasira kuliko kwanza. Wanawake waliacha kwenda kuchota maji kwenye kijito cha huko. Mimi nililetwa badala ya Jilala, na nilijua hivyo kabla hata sijafungua begi langu.

Mchana mmoja, baada ya chakula, nilikuwa nimejilaza chumbani nikamsikia Afande akimwambia mkewe kwa ile sauti yake ndogo kwamba makao makuu wameuliza kama kituo hiki bado kinaweza kupiga. Tukikosea mara nyingine, alisema, wataichukua bunduki na kituo watakifunga, na hawa wakulima watabaki na mapanga na mbwa. Mama Regina aliuliza, "Na huyu kijana?" Afande akasema Nkwabi ni mpigaji mzuri kuliko yeye mwenyewe, ila tangu siku ile ya Jilala hajawahi kufyatua. Nilibaki nimeutazama ule upenyo kati ya ukuta na paa. Chumba cha mbele nacho kilikuwa kimya, na nilijua Nkwabi yumo ndani, na kwamba kasikia kama nilivyosikia mimi.

Kesho yake tulianza kuishughulikia bunduki. Swali la kwanza lilikuwa umbali. Chuoni tulifundishwa kuiweka sawa, yaani kurekebisha kilengeo ili risasi ipige pale pale unapolenga, kwa mita mia mbili, na Afande naye alifundishwa hivyo hivyo, kwenye uwanja wazi wa majani mafupi. Jioni tukiwa tunakula tulibishana kwa adabu. Nkwabi alisema msitu wetu si uwanja. Nikapendekeza tukaulize msitu wenyewe. Asubuhi tuliingia mitini. Nkwabi akasimama, nami nikatembea kinyumenyume nikimtazama, mpaka pale shati lake lilipopotea kati ya vigogo. Kisha tukahamia sehemu nyingine, tukabadilishana, yeye akarudi nyuma mimi nikasimama. Tulifanya hivyo siku nzima, kando ya kijito, kwenye vichaka, ukingoni mwa mtama. Mara nyingi tulipotezana kabla ya mita hamsini. Mahali pa wazi kabisa hapakufika mia. Mimi nilikuja pale kwa ajili ya kazi, na jambo lile lilikuwa kazi. Lakini sijasahau ilivyokuwa kumtazama mtu mmoja kwa makini namna ile, nikijiuliza kila hatua kama bado namwona, na yeye akiinua mkono kila mara kunijulisha kwamba bado yupo. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika mume wangu, Baba Shija, aliyekuwa mwalimu na mtu mwema sana kwangu. Sijawahi kutazamwa tena hivyo, na nadhani nami sijamtazama mtu hivyo.

Basi tukakubaliana: hamsini ndiyo iwe sawa kabisa, kisha tuone risasi inafanya nini karibu zaidi na inafanya nini kwenye mia, na zaidi ya mia mtu asifyatue kabisa, hata akiona nini. Tulipata mahali kwenye korongo kavu lenye ukuta mrefu wa udongo wa kupokea risasi. Shabaha ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyopakwa duara la mkaa katikati. Tulijaza mchanga kwenye magunia, tukayapanga juu ya meza ya Mama Regina, ambaye alilalamika kwanza, kisha akaja kutazama. Risasi zilikuwa chache, kwa hiyo hatukuharakisha. Siku ile Nkwabi alishughulikia vifaa, mimi nikapiga. Nilipiga tatu bila kugusa kitu, tukaenda kuangalia. Tatu zote zilikuwa zimekaa pamoja kama mayai kiotani, lakini juu, na kulia, mbali na mkaa kwa upana wa kiganja. Nkwabi alifurahi. Alisema zikikaa pamoja bunduki ni nzima, ni macho yake tu yaliyopinda ilipogonga jiwe. Aligonga kilengeo cha nyuma, kile kibati chenye mfereji kilicho karibu na jicho, kwa kipande cha mti na nyundo ndogo, kidogo tu, kuelekea kushoto, kwa sababu risasi hufuata upande kinakosogezwa. Tulisubiri mtutu upoe. Nikapiga tena. Zikarudi katikati lakini bado juu, naye akachukua tupa akakikata kilengeo taratibu, akipuliza vumbi la chuma na kulipangusa kwa kidole. Kabla ya kila risasi alinyofoa pamba kutoka kwenye furushi alilokuja nalo kutoka kwao, akaviringisha vipande viwili, akanipa niweke masikioni. Siku ya pili hakunipa tena mkononi, aliniwekea mwenyewe.

Jioni ya siku ya tatu bunduki ilipiga mkaa kwenye hamsini, ilipiga karibu na mkaa kwenye ishirini na tano, na kwenye mia ilishuka kidogo tu, kiasi ambacho bega la mbogo lisingejali. Lakini magunia ya mchanga mtu hawezi kutembea nayo msituni. Tukaanza kupiga kwa kuiegemeza kwenye panda, fimbo ndefu yenye ncha mbili juu, kisha kwa goti, na hapo mimi nikaanza kukosa. Risasi zangu zilikwenda chini. Nikailaumu bunduki. Nkwabi aliichukua, akanipa mgongo, akaiweka tayari, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta. Haikulia. Kilichosikika ni mlio mdogo wa chuma, na mtutu ukachovya chini kama kuku anayedonoa. Alikuwa ameniwekea ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa.

"Umeona?" alisema. "Haijalia, na wewe umeshaogopa."

Niliona aibu, kisha nikacheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli na hakukuwa na ubaya ndani yake. Nikamwambia zamu yake. Alisita. Nikadhani ni utani, nikaweka ganda lile lile bila yeye kuona, nikamsukumia bunduki. Alilenga muda mrefu sana. Alipovuta, mwili wake wote uliruka. Panda ikaanguka, mtutu ukaelekea ardhini, na macho aliyafumba kama mtu anayesubiri kupigwa. Aliendelea kukaa hivyo kwenye mchanga. Niliketi karibu naye. Ndipo aliponisimulia siku ya Jilala, kwa Kisukuma, kwa maneno machache. Alisema mlio wa bunduki na kilio cha Jilala vimeungana kichwani mwake, hawezi tena kusikia kimoja bila kingine. Alikuwa hajamwambia mtu. Nilimwambia tutafanya mazoezi kwa ganda tupu kila siku mpaka mwili usahau. Tukafanya, wiki baada ya wiki, nyuma ya banda la jiko, Mama Regina akipepeta mchele. Mimi mwili wangu ulisahau. Wake ulisahau siku nyingine, siku nyingine ukakumbuka.

Mbogo alikuja mtama ulipokuwa umeshaiva. Mkulima mmoja, Machibya, alifika kituoni asubuhi akiwa hana pumzi, akasema yumo shambani kwake na mkewe yuko juu ya dungu la kuwingia ndege, hawezi kushuka. Afande alikuwa Kahama. Tulikwenda wawili. Nkwabi ndiye mkubwa wangu kazini, kwa hiyo alibeba bunduki akatangulia, mimi nyuma yake, kwenye njia nyembamba iliyopita kati ya mabua marefu kuliko sisi. Tulimsikia kabla ya kumwona: pumzi nzito, na mabua yakivunjika. Njia ilipokata kona tulimwona amesimama ukingoni mwa shamba, pungufu ya mita hamsini, ametuelekezea kichwa. Dungu lilikuwa upande wake wa kushoto, na mke wa Machibya amekaa huko juu kimya kabisa, kanga yake mdomoni.

Nkwabi aliinua bunduki. Niliuona mgongo wake, na niliona jasho likitokeza kwenye shati ingawa jua lilikuwa bado changa. Kisha akaishusha. Akageuka nusu, akanitazama usoni, akaninyooshea bunduki.

"Milembe, shika wewe," alisema. "Mimi leo nitavuta vibaya."

Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ilibidi tupishane kifua kwa kifua. Nikawa mbele yake. Alipitisha mkono mmoja juu ya bega langu, akasimika panda mbele yangu, nikaulaza mtutu juu yake. Nilikuwa na woga, lakini woga ulikaa miguuni, haukupanda mikononi. Alininong'oneza, "Ngoja ageuke." Mbogo alipiga chafya, akatikisa masikio. "Ngoja bado." Akageuka kutazama dungu, bega likawa wazi, nami nikavuta bila kujua kwamba navuta, kama inavyotakiwa. Alikimbia hatua chache upande wetu, akapiga magoti, nikapiga tena, akalala. Nkwabi hakuondoa mkono begani mwangu. Alikuwa anatetemeka, na mtetemeko wake nilikuwa nausikia mwilini mwangu kama wangu.

Nyama ile ililiwa na kijiji kizima. Mama Regina alichukua mafungu yetu akayachemsha mchana kutwa kwa ndimu na chumvi, na wanaume walikaa kuzunguka moto wakikata na kuhadithia. Mke wa Machibya alikuwa amesimulia kila alichokiona kutoka juu, bila nia mbaya, na tayari maneno yalikuwa yamekua. Nilipokuwa napita na maji, nilimsikia mmoja akisema siku hizi wanaume wamejifunza kujificha nyuma ya wanawake. Wengine walicheka. Nkwabi alikuwa amekaa hapo hapo, na kipande cha nyama mkononi. Niliweka ndoo chini. Niliwaambia kwamba kama angeona aibu kunipa bunduki, angepiga, risasi ingekwenda tumboni, na jioni hii tungekuwa tunalia. Nikasema nimesoma na wanaume wengi wanaojua kulenga, sijaona aliyejua kuishusha bunduki. Yule aliyesema akaomba radhi kwa Nkwabi. Afande aliporudi alimpa Nkwabi mkono mbele ya watu wote. Lakini neno la mzaha lina miguu. Lilifika minadani, likafika Kagongwa, na alipokwenda kununua sabuni watu walimuuliza habari za mke wake askari.

Kabla ya mvua aliomba kuacha kazi. Habari za dhahabu zilikuwa zimejaa kila mahali, vijana wakienda Geita kwa malori. Siku moja tulikaa kwenye msingi wa nyumba tukimenya viazi vya kukausha, na akasema bila kuniangalia, "Twende wote." Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwaka mzima, na lilipokuja lilinikuta napenda kitu kingine pia. Nilipenda ile kazi. Niliipenda asubuhi nikivaa viatu, niliipenda nikiwa nimechoka. Nilimwambia abaki, tuombe uhamisho kituo kisicho na mbogo. Alitabasamu. Alisema mimi ndio kwanza naanza na yeye kamaliza, na kwamba mtu hawezi kuomba uhamisho kutoka masikioni mwake. Hatukugombana. Laiti tungegombana, pengine mmoja wetu angeshindwa, akamfuata mwenzake. Aliondoka na lori la pamba. Wiki nyingi baadaye nilikuwa bado nasikiliza kikohozi chumba cha mbele. Nilimwona mara moja tu tena, miaka mingi ikiwa imepita, stendi ya Kahama. Yeye alikuwa anapita kwenda Shinyanga, mimi nina Shija mgongoni. Alininunulia soda, tukaulizana habari za nyumbani, basi lake likapiga honi. Maneno yangu yote yalikuwa ya salamu.

Jumamosi, baada ya kutoka makaburini, mjane wake, Mama Neema, aliniita ndani. Alikuwa amekaa kitandani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuchoka, nikampa pole kwa mara ya pili kwa sababu sikuwa na kingine. Aliniuliza nilikuwa nani kwa mumewe. Ningeweza kusema tulifanya kazi pamoja, na ingetosha. Lakini nilimsimulia: kituo, Jilala, mbogo, njia nyembamba, na jinsi Nkwabi alivyonipa bunduki nikapita mbele yake. Mengine niliyaacha, na nadhani aliyasikia. Alikuwa hajui kwamba mumewe aliwahi kushika bunduki. Aliukunja na kuukunjua ukingo wa shuka.

"Kila Krismasi tukikaa mezani," alisema, "kabla ya kula, alikuwa anashukuru. Anasema, kuna mtu alisimama mbele yangu siku moja, ndiyo maana nimewaona ninyi. Miaka yote hiyo, dada yangu, mimi nilidhani anamsema Yesu."

Tukatazamana. Nani alianza kucheka sijui, lakini tulicheka, wanawake wawili wazee ndani ya nyumba yenye msiba, tumejiziba midomo kwa kanga ili walioko nje wasisikie, mpaka kicheko kikageuka kikawa kilio, na yeye akasogea kitandani kunipa nafasi. Nilikaa karibu naye. Nje walikuwa wanapakua chakula. Nilitamani sana Nkwabi angekuwapo, aingie tu mlangoni kidogo, atukute hivyo, atuulize tunacheka nini.